Grogan na Samaki wa Mto Gura

Hapa Msamvu ukitaja samaki, tunawaza perege wa Bwawa la Mindu. Huko Kenya kuna trauti, samaki wa mito ya baridi, na yeye ni mgeni aliyeletwa. Aliyemleta ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1874.

Kijana huyu alisafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Cairo, akafika mwaka 1900, ili tu akubaliwe kumuoa Gertrude. Akamuoa kweli. Mwaka 1905 akaleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, samaki wakapandikizwa Mto Gura, milima ya Aberdare. Walowezi wakapata mchezo wao: ndoano inafungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu, trauti anadanganyika.

Mwaka 1907, Grogan huyohuyo na wenzake waliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Alifungwa, akatoka, akaendelea kutajirika. Baadaye alitoa ardhi ya hospitali ya watoto kumkumbuka Gertrude. Alifariki mwaka 1967.

Sisi walimu wa kesho, tukifundisha habari zake, tusiishie kwenye samaki na hospitali. Tuwataje na wale watatu.