Apolo Kivebulaya: Mganda aliyelazwa Boga

Wanaovuka mto Semliki kutoka Uganda kuingia Ituri wanalijua jina la Boga. Kanisa la Anglikana la kijiji hicho ni kazi ya mgeni kutoka Buganda, Apolo Kivebulaya.

Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikuwa Boga akiwafundisha watu dini na kusoma. Chifu Tabaro hakumtaka. Apolo alipigwa, nyumba yake ikachomwa moto. Dada wa chifu alipofariki kwa ajali ya mkuki, Apolo alishtakiwa kwa mauaji, akapelekwa Toro akiwa mfungwa. Alipoachiwa alirudi kulekule, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Apolo akawa kasisi mwaka 1903. Wakoloni walipopanga upya mpaka, Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Angeweza kubaki Toro, alikokuwa akihudumu na kuheshimiwa. Badala yake alivuka tena. Kuanzia mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao.

Alifariki Boga Mei 30, 1933. Kwa desturi angelazwa kichwa kikielekea kwao Buganda, mashariki. Yeye aliagiza kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi yake ilikuwa haijakwisha.

Kanisa la Anglikana la Kongo, lililopata kuwa jimbo linalojitegemea mwaka 1992, lilichipuka kutoka kijiji hicho. Mpaka ulimpita Apolo. Watu wake hakuwaacha.