Funzo la Lord Delamere kwa vijana wanaobeti: Aliweka dau shamba zima Njoro

Ukisafiri kutoka Nairobi kuelekea Nakuru, gari husimama pale Delamere, Naivasha, abiria wanyooshe miguu na kununua yogati. Wengi wetu jina hilo tunalijua kwa maziwa tu. Wachache wanajua kwamba mwenyewe alikuwa mcheza kamari kuliko barobaro yeyote unayemwona leo akikodolea macho simu akisubiri mkeka ukubali.

Si kamari ya karata wala ya mpira. Dau lake lilikuwa kondoo, ng'ombe na ngano.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870 katika ukoo wa makabaila wa Cheshire. Babake alifariki mwaka wa 1887, na kijana huyo wa miaka 17 akarithi mashamba, jumba na cheo. Akawa Baron Delamere wa tatu. Pesa ipo, umri mdogo, wa kumwambia basi hayupo.

Mwaka wa 1891 alianza safari za kuwinda simba Somalia. Mwaka wa 1894 simba mmoja alimrukia akamtafuna mguu, na kama si msaidizi wake Msomali, Abdullah Ashur, kumvamia mnyama huyo, hadithi ingeishia hapo. Delamere alichechemea hadi kufa kwake. Kuwinda hakuacha. Tabia hiyo ndiyo aliyokuja nayo Kenya: akipigwa, hapunguzi, anaongeza.

Mwaka wa 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 pale Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, pamoja na sharti la kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano. Aliliita Equator Ranch.

Tuseme ukweli. Ardhi hiyo haikuwa mali ya serikali hiyo kugawa. Mwaka wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na Delamere alikuwa kinara wa walowezi hao. Kwa hivyo hata kabla ya mchezo kuanza, dau la kwanza mezani lilikuwa mali ya wenyewe.

Ukimtazama kwa macho tu, ungesema ni mtu wa maisha ya chini. Tajiri mwenye jumba Uingereza aliishi Njoro katika nyumba za udongo na nyasi. Lakini kulala kwenye nyumba ya nyasi ni jambo moja, na kuwa na nidhamu ya pesa ni jambo lingine. Usiku alilala kama maskini. Mchana alitumia hela kama asiyejua zinakotoka.

Alianza na kondoo. Aliagiza wa kizungu kwa mamia, wakafa kwa wingi. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa wakikwepa kulisha mifugo upande ule, nao walikuwa na sababu. Udongo wa eneo hilo umepungukiwa na madini ambayo mnyama hawezi kuishi vizuri bila hayo. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba madini yaliyokosekana ni kobalti, na ugonjwa unaotokana na upungufu huo ukapewa jina la mji wetu: nakuruitis. Habari hiyo wachungaji walikuwa nayo zamani, bila malipo. Mwenye dau ndiye ambaye hakuuliza kwanza.

Kisha ng'ombe. Hao nao walifyekwa na homa ya mapafu na ndigana kali inayoletwa na kupe. Akajaribu mbuni, kwa sababu manyoya yao yalikuwa yakipamba kofia za akina mama Ulaya. Magari yakaingia, kofia za manyoya zikatoka kwenye fasheni, soko likafa.

Kila hasara aliijibu kwa dau kubwa zaidi. Vijana wa siku hizi mnaijua hiyo: kufukuza hasara. Umepoteza mia mbili, unaweka mia tano uzirudishe. Zikienda, unachukua mkopo wa simu. Delamere naye alikopa. Kufikia mwaka wa 1909 pesa zilikuwa zimekwisha, na tumaini lake lote lilikuwa kwenye ekari 1,200 za ngano. Kutu ikaingia shambani. Ngano yote ikaharibika.

Hapo ndipo alipobadilisha mchezo. Badala ya kupanda tena ekari elfu moja na kuomba Mungu, aliajiri mtaalamu na kumpa vijishamba vidogo vya majaribio. Mbegu kutoka nchi mbalimbali zilipandwa kidogo kidogo, zikachanganywa, zikaandikwa kwenye daftari. Sheria ilikuwa moja na nyepesi: mche ulioshikwa na kutu unaondolewa, hata uwe mzuri namna gani, uliosimama unatunzwa mbegu. Msimu ukiisha, unarudia.

Kazi hiyo haina raha. Hakuna anayeshangilia kijishamba. Lakini ndiyo iliyoleta ngano inayoweza kuhimili Njoro. Mwaka wa 1927 serikali ilifungua kituo cha utafiti wa mimea Njoro, na hadi leo ngano inaendelea kufanyiwa utafiti mji huo huo, chini ya KALRO. Mifugo nayo alikuwa ameihamishia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, ambako ilistawi.

Ungedhani basi alijifunza. Shambani, ndiyo. Kwenye pesa, hapana. Alichopata huku alikizika kule, mradi juu ya mradi. Alipofariki Novemba 13, 1931, akiwa na miaka 61, aliacha deni la benki la pauni 500,000. Kwa wakati huo hizo zilikuwa pesa za kutisha. Yeye alikuwa na ardhi ya kumkinga na benki zilizomvumilia kwa sababu ya jina lake. Kijana wa Rhonda au wa Kaptembwo mwenye deni la simu hana kinga hiyo.

Sasa, usichukue maisha haya kama kibali cha kubeti kwa nidhamu. Kijishamba cha Njoro kilifaulu kwa sababu kila mche uliokufa ulimwachia mtaalamu jambo jipya la kuandika, na msimu uliofuata alijua zaidi. Mkeka ukichanika haukufundishi kitu. Ile ndege ya kwenye simu haikumbuki ulichopoteza jana, na hesabu zake zimepangwa ili mwenye mchezo apate mwishowe.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hela yako ya kibarua au ya HELB, jiulize maswali matatu. Nikipoteza, nitakuwa nimejifunza nini? Nimeamua mapema nitaishia wapi? Na wanaolijua eneo hili wanasemaje?

Kuku watano, gunia moja la viazi vya kuuza, au kozi ya miezi mitatu hujibu maswali hayo yote. Ukianguka, unaanguka kidogo, na unainuka ukijua kitu.