Maury na ramani ya nyangumi

Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alizaliwa mwaka 1806. Mwaka 1839 gari la farasi lilipinduka akavunjika mguu, kazi ya melini ikamshinda. Alipopewa ofisi ya kutunza ramani mwaka 1842, akaanza kupekua madaftari ya safari za meli. Humo wawindaji waliandika siku na mahali walipoona nyangumi. Akayachora yote kwenye ramani, ikatoka mwaka 1851, ili wawindaji wasihangaike kutafuta. Kwa nyangumi, tunaona, ilikuwa balaa. Maury alifariki mwaka 1873. Leo nyangumi hao wanalindwa, na kumbukumbu zile zile zinawaonyesha watafiti walikokuwa wakiishi kabla hawajapungua.