Patrice Lumumba: Karani wa posta wa Kisangani na ibara iliyomwondoa madarakani

Tarehe 21 Januari 1960, mahakama ya Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani, ilimhukumu Patrice Lumumba kifungo cha miezi sita jela kwa kosa la uchochezi. Siku moja kabla ya hukumu hiyo, mjini Brussels, wanasiasa wa Kongo na wa Ubelgiji walikuwa wamefungua mkutano wa Meza ya Duara kujadili uhuru wa koloni hilo. Mfungwa huyo ndiye aliyeongoza chama kilichozoa karibu kura zote za Stanleyville katika uchaguzi wa Desemba 1959.

Wajumbe wa Kongo waliokuwa Brussels walidai aachiwe, la sivyo mazungumzo yasingekuwa na maana. Tarehe 25 Januari Lumumba aliachiwa kutoka gereza la Jadotville, Likasi ya sasa, na kupandishwa ndege. Alipofika Brussels alionyesha vifundo vya mikono vilivyokuwa na majeraha ya pingu. Miezi mitano baadaye alikuwa waziri mkuu.

Maisha ya Lumumba husimuliwa zaidi kupitia hotuba yake ya siku ya uhuru na mauaji yake ya kikatili. Njia nyingine ya kuyafuata, isiyopitwa na wengi, ni ile ya mahakama na maandishi ya sheria. Humo anaonekana mtu aliyehukumiwa mara mbili katika mji mmoja, akapoteza madaraka kwa sababu ya sentensi moja fupi ya katiba, kisha akauawa bila kufikishwa mbele ya jaji yeyote.

Cheti cha ustaarabu

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe huko Sankuru, katika jamii ya Watetela. Alisoma shule za misheni, akafanya kazi kwa muda katika eneo la migodi la Maniema, na mwaka 1944 akafika Stanleyville. Ulikuwa mji wa bandari kwenye ukingo wa Mto Kongo, chini ya maporomoko, wenye reli, ofisi za serikali ya mkoa na watu waliotoka kila upande wakizungumza Kiswahili na Kilingala. Kijana mwenye Kifaransa kizuri alipata kazi ya ukarani kwa urahisi. Mwaka 1947 alipelekwa Leopoldville kusomea kazi ya posta, na aliporudi akawa karani wa posta.

Hapo ndipo alipokutana na sheria kwa mara ya kwanza, na haikuwa mahakamani. Amri ya tarehe 17 Mei 1952 iliruhusu Mwafrika aliyethibitishwa kuwa ameshika ustaarabu wa Ulaya aandikishwe kwenye daftari maalumu, na kuanzia hapo mambo yake ya kiraia yaendeshwe kwa sheria ile ile iliyowahusu Wazungu. Ustaarabu ni nini hasa? Amri iliiachia kamati kuamua. Wakaguzi waliingia hadi majumbani kuangalia familia inavyokula na kulala.

Ombi la Lumumba lilikataliwa mara ya kwanza, kwa maelezo kwamba bado hajakomaa. Hakukubali. Alikata rufaa, na mwaka 1954 akapewa cheti hicho, miongoni mwa watu wachache sana katika koloni zima. Wakati huo alikuwa akiongoza vyama vya makarani na wasomi wa mji na kuandika makala magazetini. Bado hakuwa anadai uhuru. Alichotaka ni sheria isomwe kwa usawa kwa kila aliyetimiza masharti yake.

Miaka miwili baadaye cheti hicho hakikumsaidia kitu. Julai 1956, mara tu aliporudi kutoka ziara ya Ubelgiji, alikamatwa kwa ubadhirifu wa fedha za posta, kiasi cha faranga 126,000. Hakuwa na kesi ya kusingiziwa. Fedha zilikuwa zimechukuliwa, na wanaomheshimu hawana sababu ya kulificha jambo hilo. Alihukumiwa miaka miwili, adhabu ikapunguzwa, na Septemba 1957 akatoka baada ya miezi kama kumi na minne. Akiwa gerezani Stanleyville aliandika kitabu kizima kuhusu mustakabali wa Kongo, kikachapishwa baada ya kifo chake. Ni kitabu cha mtu aliyekuwa bado anaamini kwamba Wabelgiji na Wakongomani wangeweza kujenga nchi pamoja chini ya sheria moja.

Aliyetoka gerezani alihamia Leopoldville, akauza bia, na Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC. Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa mataifa ya Afrika mjini Accra. Oktoba 1959 alirejea Stanleyville kwa kongamano la chama. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, na ndipo ikaja kesi ya uchochezi iliyomalizika kwa ile hukumu ya Januari. Mahakama ilikuwa ya Wabelgiji. Mpaka siku ya uhuru Kongo haikuwa na jaji hata mmoja Mkongomani, na Marcel Lihau, ambaye angekuja kuwa Mkongomani wa kwanza kupata udaktari wa sheria, alikuwa bado mwanafunzi Ubelgiji.

Sentensi moja fupi

Katiba ya kwanza ya Kongo haikuandikwa Kongo. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, yenye ibara zaidi ya 250, ilipitishwa na bunge la Ubelgiji na kwa kiasi kikubwa ilifuata mfano wa katiba ya Ubelgiji yenyewe. Ilimweka mkuu wa nchi mahali pa mfalme, na waziri mkuu mahali pa kiongozi wa serikali anayewajibika kwa bunge. Wakuu hao wawili walitokana na bunge hilo hilo: Joseph Kasavubu alichaguliwa rais na wabunge, na serikali ya Lumumba ilipata imani ya Baraza la Wawakilishi kwa kura 74, kati ya viti 137.

Ibara ya 22 ilisema, kwa maneno machache, kwamba mkuu wa nchi huteua na kuwafuta kazi waziri mkuu na mawaziri. Hakuna sharti lililotajwa hapo. Ibara nyingine za sheria hiyo hiyo zilisema kwamba rais hawajibiki mwenyewe, na kwamba tendo lake lolote halina nguvu bila saini ya waziri anayebeba wajibu wake. Nyingine tena ziliweka utaratibu wa bunge kuiangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani.

Ubelgiji maneno kama hayo yalikuwa kwenye katiba tangu 1831, na hayakumsumbua mtu. Kila mwanasiasa wa Brussels alijua kwamba mfalme hamfukuzi kwa hiari yake waziri mkuu ambaye bunge bado lina imani naye. Desturi ilikuwa imeyafunika maneno. Maneno yalipopelekwa Kongo, desturi ilibaki nyuma.

Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, nchi ikiwa na miezi miwili tu ya uhuru, jeshi likiwa limeasi na Katanga ikiwa imejitenga, Kasavubu alikwenda redioni na kutangaza kwamba amemfuta kazi Lumumba pamoja na mawaziri sita. Amri yake ilikuwa na saini za mawaziri wawili wa serikali ya Lumumba mwenyewe, Justin Bomboko na Albert Delvaux. Joseph Ileo ndiye aliyetakiwa kuunda serikali mpya.

Aliyeisoma ibara ya 22 peke yake alimpa haki Kasavubu: rais amepewa uwezo wa kufuta, amefuta, na saini zipo. Aliyeisoma pamoja na ibara za jirani alifika kwingine kabisa. Kama rais anaweza kumwondoa waziri mkuu wakati wowote, kura ya imani ya bunge ina kazi gani? Na mawaziri wawili wanawezaje kubeba wajibu wa kuiangusha serikali ambayo wao wenyewe ni sehemu yake?

Lumumba alishika usomaji huo wa pili, lakini usiku ule ule naye alivuka mpaka. Alikwenda redioni na kutangaza kwamba Kasavubu si rais tena, jambo ambalo hakuna ibara iliyompa uwezo wa kulifanya. Hapo alijipunguzia nguvu, kwa kuwa hoja yake yote ilisimama juu ya kuheshimu mpangilio wa madaraka.

Bungeni alikuwa imara zaidi. Tarehe 7 Septemba Baraza la Wawakilishi lilimsikiliza, kisha kwa kura 60 dhidi ya 19 likabatilisha amri zote mbili, ya Kasavubu na ya Lumumba. Kesho yake Seneti ilipiga kura kwa kura 41 dhidi ya 2 kuikataa hatua ya Kasavubu. Wabunge hawakuwa wakijitwalia tu kazi ya majaji. Ibara ya 51 iliwapa wao uwezo wa kutafsiri sheria kwa kauli yenye nguvu ya kuwafunga wote. Ukiifuata Sheria ya Msingi yenyewe, waliopewa jukumu la kusema ibara ya 22 ina maana gani walikuwa wamekwisha kusema.

Upande wa Kasavubu haukukubali. Mtu wa tatu wa kuamua hakuwepo. Sheria iliahidi Mahakama ya Katiba, nayo ilikuwa haijaundwa. Mpaka iundwe, maswali ya katiba yalipaswa kupelekwa kwenye Baraza la Dola la Ubelgiji, lakini uhusiano na Ubelgiji ulikuwa umevunjika tangu Julai, na majaji wengi wa Kibelgiji walikuwa wamekwisha kukimbia. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa ulikuwa umefunga kituo cha redio na viwanja vya ndege, hatua iliyomuumiza zaidi Lumumba, kwani wafuasi wake wengi walikuwa mbali, Stanleyville.

Tarehe 13 Septemba kikao cha pamoja cha bunge kilimpa Lumumba mamlaka kamili, ingawa wapinzani walidai akidi haikutimia. Tarehe 14, Kanali Joseph Mobutu alitangaza kwamba jeshi linawasimamisha wanasiasa wote. Ubishi juu ya ibara ya 22 ukafungwa na mtu asiyekuwa mbunge wala jaji.

Njia ya Stanleyville

Oktoba, utawala mpya ulitaka kumkamata Lumumba. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliolinda nyumba yake hawakuruhusu, kwa kuwa alikuwa mbunge mwenye kinga. Wanajeshi wa Mobutu wakazunguka kwa nje. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka na kushika njia ya mashariki kuelekea Stanleyville, ambako Antoine Gizenga, naibu wake, alikuwa akikusanya upya serikali. Alikuwa na nafasi ya kufika. Alisimama njiani mara kwa mara kuzungumza na watu, na mapema Desemba alikamatwa karibu na Mto Sankuru.

Alifungwa Thysville, Mbanza-Ngungu ya sasa. Hakuna shtaka lililosikilizwa. Tarehe 17 Januari 1961 yeye, Maurice Mpolo na Joseph Okito walisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville, wakapigwa njiani, na usiku huo wakapigwa risasi mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Miili yao iliharibiwa ili isionekane tena. Lumumba alikuwa na umri wa miaka 35. Ilikuwa karibu mwaka kamili tangu hukumu ya Stanleyville, na ukilinganisha, mahakama ile ya kikoloni ilimpa angalau jaji na shtaka lililoandikwa.

Stanleyville ilibadilishwa jina mwaka 1966 kuwa Kisangani. Sheria ya Msingi ilikwisha muda wake mwaka 1964, ilipopatikana katiba nyingine.

Kesi ya Lumumba ilifika mahakamani baada ya nusu karne. Mwaka 2011 familia yake ilifungua malalamiko Brussels dhidi ya Wabelgiji kumi. Swali likawa tena la kusoma sheria: mauaji ya kawaida ya mwaka 1961 yalikuwa yamepitwa na muda wa kushtakiwa, lakini uhalifu wa kivita haupitwi na muda. Desemba 2012 mahakama ya rufaa ya Brussels iliruhusu uchunguzi uendelee kama uhalifu wa kivita. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha kwa familia jino lililokuwa limehifadhiwa na polisi mmoja wa Kibelgiji, sehemu pekee ya mwili iliyobaki. Jeneza lilizungushwa Sankuru, Kisangani na Katanga kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Juni 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji waliomba mwanadiplomasia mmoja wa zamani, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, afikishwe mahakamani. Wale tisa wengine waliotajwa katika malalamiko ya familia walikuwa wamekwisha kufariki.