Bobby Jones: bingwa wa gofu aliyeshindwa miaka saba kabla ya kushinda

Kila dereva wa teksi mjini Lubumbashi anajua kartie Golf, lakini wengi wanaopita huko kila siku hawajawahi kushika fimbo ya mchezo ulioipa kartie hiyo jina lake. Gofu imebaki mchezo wa watu wachache. Mtu anayetajwa zaidi pale wachezaji wa ridhaa wanapozungumza juu ya kupanda na kushuka kwa mchezo wao ni Mmarekani Robert Tyre Jones, ambaye dunia ilimwita Bobby Jones. Alifariki mwaka 1971. Hakupokea zawadi ya pesa hata mara moja kwa kushinda, na kabla ya kuwa bingwa alishindwa miaka saba mfululizo.

Kwa wasioujua mchezo huu, maelezo ni mafupi. Uwanja una mashimo 18. Mchezaji anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo, kisha anaenda kwenye shimo linalofuata. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Hakuna anayemzuia, hakuna anayemnyang'anya mpira. Akikosea, amekosea mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa shida ya Jones.

Mtoto mgonjwa wa Atlanta

Jones alizaliwa tarehe 17 Machi 1902 mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mtoto alikuwa dhaifu, tumbo lilikuwa halipokei chakula vizuri, na wazazi walihangaika naye sana katika miaka yake ya kwanza. Ili apate hewa safi, familia ilienda kukaa majira ya joto kando ya uwanja wa gofu wa East Lake, nje kidogo ya mji.

Hakuwekewa mwalimu. Uwanjani hapo palikuwa na fundi wa gofu kutoka Carnoustie, Uskochi, jina lake Stewart Maiden. Mtoto alimfuata nyuma, akamwangalia namna anavyosimama na anavyozungusha mikono, kisha akarudi nyumbani kumwiga. Mwaka 1911, mwaka uleule tanuru la Lubumbashi lilipotoa shaba yake ya kwanza, Jones alishinda mashindano ya vijana ya klabu yake. Alikuwa na miaka 9.

Mwaka 1916 akawa bingwa wa jimbo la Georgia, kisha akapelekwa Merion, karibu na Philadelphia, kucheza shampiona ya taifa ya wachezaji wa ridhaa. Alikuwa na miaka 14. Katika mechi ya kwanza alimtoa Eben Byers, mtu mzima aliyekuwa bingwa wa taifa mwaka 1906. Alifika robo finali kabla ya kufungwa. Magazeti yakaandika kwamba bingwa mpya amezaliwa, kilichobaki ni kungoja tu.

Walingoja miaka saba.

Mikono ilijua, moyo haukujua

Waandishi wa maisha yake wanakigawa kipindi chake cha mashindano makubwa katika sehemu mbili, kama ndoto ya Farao katika Biblia: miaka saba ya ng'ombe waliokonda na miaka saba ya ng'ombe wanono. Ile ya kukonda ilianza Merion mwaka 1916, ikaisha mwaka 1923.

Mikono yake haikuwa na kasoro. Walioijua gofu walisema hakuna aliyepiga mpira vizuri kuliko kijana huyo. Lakini pigo moja likienda vibaya, hasira ilimpanda. Alirusha fimbo, alilaani, na pigo lililofuata likaharibika pia. Mwaka 1919 alifika finali ya taifa huko Oakmont, akafungwa. Miaka iliyofuata alikaribia mara nyingine, akashindwa tena.

Mwaka 1921 alivuka bahari kwenda St Andrews, Uskochi, uwanja ambao wachezaji wanauheshimu kuliko mwingine wowote duniani. Siku ya mzunguko wa tatu upepo ulikuwa mkali. Alitumia mapigo 46 katika mashimo 9 ya kwanza, hesabu mbaya sana kwa mtu wa kiwango chake. Shimo la 10 nalo likamharibikia. Kwenye shimo la 11 mpira wake ulizama katika mchanga. Akaokota mpira, akaacha kuhesabu. Kwa sheria za gofu, aliyefanya hivyo ametoka mashindanoni. Waskochi waliokuja kumtazama waliona kijana mwenye kipaji akiukimbia uwanja kwa sababu umemshinda.

Mwaka huohuo, kwao Marekani, fimbo aliyoitupa kwa hasira ilimgonga mwanamke mmoja mguuni. Viongozi wa shirikisho la gofu la nchi yake wakamwonya: asipojifunza kujizuia, hatacheza tena mashindano yao. Alikuwa na miaka 19.

Kucheza na uwanja, si na mtu

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Jones hakubadilisha mkono wala fimbo. Alibadilisha namna ya kuhesabu.

Kila uwanja wa gofu una kipimo chake kinachoitwa par: idadi ya mapigo ambayo mchezaji mzuri anatakiwa kutumia. Katika mechi za mtu kwa mtu, Jones alikuwa na tabia ya kumwangalia mpinzani. Mpinzani akipiga vizuri, naye alitaka kupiga vizuri zaidi, akajiingiza katika hatari. Polepole alielewa kwamba adui yake hakuwa mtu huyo. Akicheza na par tangu shimo la kwanza hadi la mwisho, bila kushangilia pigo zuri na bila kulilia pigo baya, mpinzani angechoka mwenyewe.

Wakati huo gofu haikuwa kazi yake. Mwaka 1922 alimaliza masomo ya uinjinia wa mashine katika chuo cha Georgia Tech, kisha akaenda Harvard kusoma fasihi ya Kiingereza. Baadaye alisoma sheria na kufanya kazi katika ofisi ya baba yake. Kwa mwaka mzima alicheza mashindano machache tu, na majira ya baridi fimbo zilikaa kabatini.

Julai 1923, huko Inwood karibu na New York, aliongoza shampiona ya wazi ya Marekani mpaka mashimo matatu ya mwisho. Hapo akaharibu yote matatu, moja baada ya lingine. Bobby Cruickshank, fundi kutoka Uskochi, akamfikia. Siku iliyofuata walirudiana mashimo 18. Walipofika shimo la mwisho walikuwa sawa. Mpira wa Jones ulikuwa umelala kwenye udongo mtupu, maji mbele yake, na shimo lilikuwa umbali wa karibu mita 175. Yule kijana wa mwaka 1921 angefikiri juu ya mashimo aliyoyaharibu jana. Safari hii alichukua fimbo ya chuma, akapiga bila kukawia, mpira ukavuka maji na kusimama karibu kabisa na shimo. Alishinda kwa mapigo 76 dhidi ya 78.

Pigo ambalo hakuna aliyeliona

Tangu mwaka 1923 mpaka 1930 Jones aliingia katika mashindano makubwa 21, akashinda 13. Lakini shindano ambalo watu wanalikumbuka kwa heshima ni moja aliloshindwa.

Mwaka 1925, huko Worcester, katika shampiona ya wazi ya Marekani, alikuwa amesimama kwenye majani kando ya njia, fimbo tayari. Mpira ukajongea kidogo sana. Hakuna mwingine aliyeuona. Jones aliwaita wasimamizi, akawaambia umejongea, akajiongezea pigo moja. Mwisho wa mashindano alikuwa sawa na Willie Macfarlane. Bila pigo lile angekuwa bingwa. Wakarudiana, na Macfarlane akashinda kwa tofauti ya pigo moja. Watu walipomsifu kwa uaminifu, Jones alichukizwa. Kwake hapakuwa na jambo la kusifu: sheria ni sheria.

Mwaka 1927 alirudi St Andrews, palepale alipouacha mchezo, akashinda kwa mapigo 285. Aliomba kombe lisivuke bahari, libaki na watu wa mji huo. Waskochi wakambeba mabegani.

Hata katika miaka hiyo minono, kushuka hakukuisha. Mwaka 1929, huko Winged Foot, alikuwa mbele kwa mapigo mengi, akayapoteza, akaponea kwa mpira wa mwisho uliodondoka shimoni kwa shida. Katika marudiano alimshinda Al Espinosa kwa mapigo 23. Miezi michache baadaye, huko Pebble Beach, alitolewa katika mechi ya kwanza na Johnny Goodman, kijana ambaye wengi walikuwa hawajamsikia.

Mwaka 1930 alifanya jambo ambalo hakuna aliyelirudia mpaka leo. Kwa mwaka mmoja alishinda shampiona zote nne kubwa za wakati wake: ya ridhaa ya Uingereza huko St Andrews, ya wazi ya Uingereza huko Hoylake, ya wazi ya Marekani huko Minneapolis, na ya ridhaa ya Marekani huko Merion, uwanja uleule alioanzia akiwa na miaka 14. Watu wa New York walimpokea kwa maandamano barabarani.

Mnamo Novemba mwaka huo akaacha mashindano. Alikuwa na miaka 28, na bibi yake na watoto nyumbani. Kila shindano lilimla mwili: alikosa usingizi, chakula hakikupita, alipungua kilo kadhaa kwa juma moja. Alijifunza kuizuia hasira isitoke nje, lakini ndani iliendelea kumla.

Ukuta kuzunguka uwanja

Baada ya hapo alitengeneza filamu za kufundisha gofu, na pamoja na Clifford Roberts na mchoraji wa viwanja Alister MacKenzie akajenga uwanja wa Augusta National, katika jimbo lake la Georgia. Shindano lake, linaloitwa leo Masters, lilianza mwaka 1934.

Hapo kuna sehemu ya historia ambayo msomaji wa Lubumbashi ataitambua bila kuelezwa sana. Katika Georgia ya wakati ule, Weusi walibeba mifuko ya fimbo, walikata majani, walipika jikoni. Hawakucheza. Augusta haikuwa na mwanachama Mweusi mpaka mwaka 1990, na Mweusi wa kwanza kucheza Masters, Lee Elder, aliingia mwaka 1975, Jones akiwa amekwisha kufa. Élisabethville ya miaka hiyohiyo ilikuwa na ukuta wake: mji wa wazungu upande mmoja, Kamalondo na Kenya upande mwingine.

Mjini Atlanta kulikuwa na uwanja wa manispaa ulioitwa kwa jina la Bobby Jones. Mwaka 1951 Alfred Holmes, mchezaji hodari wa ridhaa, alifika hapo pamoja na baba yake daktari, ndugu yake na rafiki yao. Walirudishwa kwa sababu ya rangi ya ngozi. Wakaenda mahakamani. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi wa Novemba 1955 walishinda. Desemba 24 mwaka huo Holmes na ndugu yake walicheza katika uwanja mwingine wa mji, North Fulton, na viwanja vya manispaa ya Atlanta vikawa wazi kwa wote. Jones alikuwa amepewa tangu utoto kitu ambacho Holmes alilazimika kukidai mbele ya majaji: uwanja wa kukosea na kujifunza.

Miaka ya kiti cha magurudumu

Mwaka 1948 mwili wa Jones ulianza kumsaliti. Mikono na miguu ilikufa ganzi, maumivu hayakuisha. Waganga waligundua ugonjwa wa uti wa mgongo usiotibika. Hakucheza tena. Alianza na mkongojo mmoja, ikawa miwili, kisha kiti cha magurudumu. Waliomtembelea katika miaka hiyo walisimulia juu ya mtu mpole aliyekataa kuhurumiwa. Kijana aliyerusha fimbo kwa sababu ya pigo moja alibeba ugonjwa huo zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1958 alirudi St Andrews mara ya mwisho, akiwa nahodha wa ekipe ya Marekani ya wachezaji wa ridhaa. Mji ulimpa heshima ya kuwa raia wake, heshima ambayo Mmarekani wa mwisho kuipata alikuwa Benjamin Franklin katika karne ya 18.

Jones alifariki Atlanta tarehe 18 Desemba 1971, akiwa na miaka 69. Mwaka uliofuata, shimo la 10 la uwanja wa St Andrews likapewa jina lake. Anayelimaliza anatembea hatua chache tu kufika shimo la 11, pale ambapo mwaka 1921 kijana wa miaka 19 aliokota mpira wake na kukata tamaa.