CHARLES BOOTH: TAJIRI ALIYEHESABU MASKINI

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nilikuwa katika giza hilo muhula wa kwanza. Chama chetu kiliandaa mjadala, na mada ikawa kwamba umaskini huletwa na uvivu. Nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilisema nikasema, makofi yakapigwa, tukashinda. Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta baba ameketi mlangoni, viatu vyake vya kazi havina hata vumbi la saruji. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri akaenda kusimama langoni pa mjengo kutafuta kibarua, asichaguliwe. Aliponiuliza habari za shule nilimwambia ni njema tu. Sikuthubutu kumweleza nilikuwa nimeshinda kwa kusema nini.

Siku chache baadaye nilimwendea mwalimu wa Historia nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kulipima jambo hili badala ya kulipigia makofi tu. Akanitajia Charles Booth. Basi ketini niwasimulie.

Booth alizaliwa tarehe 30 Machi 1840 katika mji wa Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, kwa hivyo njaa hakuijua. Akiwa na miaka 16, umri wangu huu, aliacha shule akaenda kujifunza kazi katika kampuni ya meli. Chuo kikuu hakukanyaga. Baba yake alifariki mwaka 1860 akawaachia watoto urithi. Yeye na kaka yake Alfred wakafungua biashara, na mwaka 1866 meli zao zikaanza safari kati ya Liverpool na Brazili. Wakatajirika kwelikweli.

Kabla ya hapo, mwaka 1865, alizunguka mitaa ya Toxteth huko Liverpool akikitafutia kura chama cha Kiliberali. Kura hazikutosha, lakini alijionea kwa macho yake jinsi maskini walivyosongamana katika vyumba vichafu. Mwaka 1871 alimwoa Mary Macaulay, mwanamke msomi aliyekuja kumsaidia sana katika maandishi yake. Baadaye wakahamia London.

Huko London kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu maskini. Huyu alidai ni wengi kupita kiasi, yule akasema habari zimetiwa chumvi. Wengine walishikilia kuwa ni walevi na wavivu. Kumbe hakuna aliyekuwa amehesabu! Mwaka 1886 Booth akaamua kuhesabu yeye mwenyewe, kwa pesa za mfukoni mwake, huku akiendelea na biashara yake ya meli.

Sasa tazameni akili yake. Wakati huo sheria ililazimisha watoto kwenda shule, na bodi ya elimu ilikuwa na maafisa waliozunguka nyumba hadi nyumba kuwafuatilia. Maafisa hao walijua baba wa kila nyumba anafanya kazi gani na familia inakaa vyumba vingapi. Booth na wasaidizi wake waliketi nao saa nyingi, wakaandika habari za mtaa baada ya mtaa. Yeye mwenyewe alipanga chumba katika nyumba za watu wa kawaida mashariki mwa London, akala chakula chao na kuona wanavyoishi. Beatrice Potter, binamu ya mkewe, alichunguza maisha ya mafundi cherehani na wapagazi wa bandarini.

Halafu akachora ramani, kila njia ikapakwa rangi. Manjano ilikuwa ya matajiri, nyekundu ya wenye uwezo, waridi ya waliojimudu, zambarau ya mchanganyiko, buluu hafifu ya maskini na buluu iliyokoza ya maskini sana. Nyeusi ilikuwa ya wale aliowaona kuwa wa chini kabisa. Familia ya kadiri iliyopata shilingi 18 hadi 21 kwa wiki aliiita maskini. Hesabu ilipokamilika, asilimia 30.7 ya watu wa London walikuwa katika umaskini. Karibu mtu mmoja katika kila watatu, katika mji uliokuwa tajiri kuliko yote duniani!

Na sababu je? Hapa ndipo niliposoma mara mbili. Alipochunguza familia maskini sana za mashariki mwa London, zaidi ya nusu taabu yao ilitokana na kazi yenyewe: mshahara mdogo au vibarua vya leo vipo kesho havipo. Wengine waliangushwa na maradhi au wingi wa watoto. Ulevi na matumizi mabaya ya pesa vilikuwa kama sehemu moja katika kila saba, na wavivu hasa walikuwa asilimia 4 tu. Wapagazi walisongamana langoni pa bandari kila asubuhi, msimamizi akachagua wachache, waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Nilidhani nasoma habari za baba.

Sitaki kumfanya malaika. Booth aliwahi kupendekeza kwamba maskini wa chini sana wahamishwe mjini wapelekwe kwenye makambi ya kazi. Wazo hilo halikufuatwa, na mimi nafurahi.

Lakini aliona pia kuwa uzee ulikuwa ukiwatumbukiza watu katika ufukara, hata waliofanya kazi kwa bidii maisha yao yote. Tangu mwaka 1891 alitetea wazee walipwe na serikali. Watu walimpinga, hakuchoka. Mwaka 1908 sheria ilipitishwa, na kuanzia tarehe 1 Januari 1909 wazee maskini wa miaka 70 na zaidi wakaanza kuchukua hadi shilingi 5 kwa wiki katika posta. Kitabu chake kikubwa kilikuwa kimekamilika mwaka 1903, juzuu 17, baada ya miaka 17 ya kazi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1916 akiwa na miaka 76.

Kwetu Kenya, mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Nyanya yangu ni mmoja wao. Pesa zikiingia hununua unga, sukari na dawa za presha, na zikichelewa sote twajua.

Wenzangu, nimemwomba mwenyekiti wa chama mada ile irudiwe muhula ujao. Safari hii nitakuwa upande wa kupinga, na baba nimeshamweleza yote. Alicheka, kisha akaniuliza huyo Booth alikuwa anaajiri vibarua wangapi.



Mwanachama, Kidato cha Tatu