Mwenye Heri Notker, Mtawa Mwenye Kigugumizi

Wakatekumeni wapenzi, yuko mtu mwenye kithembe, ambaye herufi ya s hutoka kinywani mwake kama th. Yuko na mwenye kigugumizi, ambaye neno humkwama, akalirudia mara tatu au nne ndipo litoke. Huyo pengine ajua majibu yote ya katekismu. Lakini siku ya kuulizwa kwa ajili ya ubatizo hunyamaza, maana aogopa kuchekwa, nasi twadhani hajui. Sikieni basi habari za Notker.

Alizaliwa yapata mwaka 840, katika nchi iitwayo leo Uswisi. Angali mtoto alipelekwa katika monasteri ya Sankt Gallen, akawa mtawa humo. Mwili wake ulikuwa dhaifu na ulimi wake mzito, hata akaitwa Balbulus, ndiyo kusema kwa Kilatini, mwenye kigugumizi.

Siku zile watawa waliimba Aleluya kwa sauti ndefu zisizo na maneno, na kijana Notker hakuweza kuzishika moyoni. Ndipo akafika padri mmoja wa Jumièges, katika nchi ya Ufaransa ya leo, aliyekimbia baada ya Wanormani kuiharibu monasteri yao. Alichukua kitabu ambamo sauti za namna hiyo zilitiwa maneno. Notker akajaribu kutunga vivyo hivyo. Mwalimu wake Iso alimsahihisha, akamwonyesha kwamba kila sauti yapasa kupata silabi yake moja. Notker hakuona haya, akaanza tena. Katika mwaka 884 alikamilisha kitabu chake cha nyimbo, nazo zikaimbwa Ulaya kwa muda wa karne nyingi.

Tena alifundisha vijana, akatunza vitabu vya monasteri, akawapokea wageni. Alifariki tarehe 6 Aprili 912, na mwaka 1512 Kanisa liliruhusu aheshimiwe kama Mwenye Heri.

Basi tufahamu: kigugumizi si upumbavu, wala kithembe si laana. Kizuizi ki katika usemi, si katika akili. Tena wengi wenye kigugumizi huimba pasipo kukwama hata kidogo.

Kwa hiyo, mwenzako akiulizwa na neno likamkwama, usicheke, wala usimmalizie neno lake. Mtazame kwa upole, umngojee. Jibu analo, lipe nafasi ya kutoka.